Uzi wa samoni wa vuli: mtoni hali kitu, sasa kwa nini anauma ndoano?

ChubwiNzito:
Wakuu, heshima kwenu.

Kila mwaka ikifika Septemba napokea ujumbe uleule pembeni: "Kaka, nimeshinda mtoni, samaki wanaruka mbele ya macho yangu, hakuna hata mmoja aliyegusa. Unatumia chambo gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nayaweka hapa, mwenye kuongeza aongeze, mwenye kupinga apinge.

Mimi navua kwenye mito ya jimbo la Washington, Marekani, ile inayoshuka kutoka milima ya Cascade kwenda Puget Sound. Mto wangu siutaji. Nikiutaja, Jumamosi nitawakuta mmesimama juu ya jiwe langu.

Tuanze na swali la chambo, maana ndilo linalopoteza watu. Samoni wa Pasifiki akishaingia mtoni kwenda kutaga, kula kumekwisha. Tumbo linasinyaa, na safari yote anaipanda kwa mafuta aliyoyaweka mwilini akiwa baharini. Wewe unabadilisha chambo mara kumi kama mpishi anayembembeleza mgonjwa, kumbe unamkaribisha mezani mtu asiye na tumbo.

Sasa mbona anauma? Mazoea ya baharini hayajamtoka, na hasira anazo. Kitu kikimpitia puani kikamkera atakisukuma, na kwa kuwa hana mikono, atakisukuma kwa mdomo. Basi kazi yako ni kumkera. Na huwezi kumkera aliyelala mita moja chini ya ndoano yako.

Ndiyo maana nasema kina kwanza, chambo baadaye. Samoni anayepumzika analala karibu kabisa na changarawe. Nikivua kwa boya, nataka chambo changu cha mayai ya samaki kipite kama shubiri moja na nusu juu ya mawe, kikienda kwa mwendo wa maji ya chini, si ya juu. Maji ya juu yana haraka kuliko ya chini, kwa hiyo boya huelekea kuukimbiza mshipi. Litazame limesimamaje: kichwa kikilala kuelekea maji yanakokwenda, chubwi inaburura chini, punguza kina. Kikilala kuelekea maji yanakotoka, chambo kinaelea juu mno, ongeza. Likisimama wima uko sawa. Hapo rusha palepale mara ishirini, thelathini. Samaki aliyekataa mara kumi na tisa ameshanipa mdomo ya ishirini, si mara moja wala mbili.

Asubuhi kabla jua halijagusa maji ndiyo saa yangu. Jua likishapanda wanazama kwenye vina na nyuma ya magogo, wanakuwa kama mawe.

---

MgeniWaMto:
Asante mkuu. Mimi ndiye mmoja wa waliokusumbua pembeni. Swali: mto ni mrefu, nasimama wapi? Naona kila mahali ni maji tu.

---

ChubwiNzito:
Usitazame maji, tazama mpaka wa maji. Pale mkondo wa kasi unapopakana na maji yaliyotulia utaona mstari kama mshono wa nguo. Samoni anapenda kukaa upande wa utulivu wa huo mshono. Anapanda mlima huyu, hana posho ya kupoteza nguvu. Sehemu nyingine ni mkiani mwa kidimbwi, pale maji yanapoanza kuwa mafupi kabla ya kumwagikia kwenye maporomoko madogo. Samaki aliyetoka kupanda maporomoko hayo hupenda kusimama hapo avute pumzi.

Na wanaoruka usiwafuate sana. Mimi anayeruka ananionyesha tu kwamba kundi lipo. Namtafuta mwenzake aliyelala chini.

---

Mzee_wa_Mkondo:
Kijana ameeleza vizuri, lakini ameruka jambo kubwa: mvua.

Samoni wa vuli hufika mdomoni mwa mto akangoja. Mto ukiwa mdogo na wenye joto hapandi ovyo. Maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi kwake ni mateso. Ikinyesha mvua ya kwanza ya maana, maji yanapanda, yanapoa, yanabeba harufu ya juu, na kundi zima linaondoka kama watu waliosikia filimbi ya treni. Harufu ndiyo inayomwongoza kurudi kwenye kijito alichozaliwa. Hilo lilipendekezwa kitaalamu na Hasler na Wisby wa Wisconsin mwaka 1951, na majaribio ya baadaye yakalithibitisha.

Sasa wewe mvuvi usikimbilie mtoni mvua ikiwa inanyesha. Mto ukiwa unapanda, wenye rangi ya chai ya maziwa, umejaa majani na matawi, kaa nyumbani ufunge ndoano. Ngoja uanze kushuka. Ukigeuka kijani kama chupa, ukaweza kuiona buti yako maji yakiwa magotini, acha kila kitu uende. Siku hizo ni mbili, pengine tatu. Baadaye yanakuwa maangavu mno, samaki wanakuona kabla hujawaona.

Vipimo vya mito vya USGS, idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani, viko mtandaoni, vinasomeka kwa futi za ujazo kwa sekunde. Namba nzuri ya mto mmoja haifai kwa mwingine. Nina daftari la miaka kumi na minne la mto mmoja tu: tarehe, namba, rangi ya maji, nilichopata. Kurasa nyingi nilichopata ni mafua.

---

ChubwiNzito:
Shikamoo mzee. Kweli niliruka. Hilo daftari utaliweka hapa lini?

---

Mzee_wa_Mkondo:
Marahaba. Siku nikizikwa.

---

Kiboya77:
Naomba niwe mkweli jamani. Mnatuzungusha na shubiri na mishono ya maji. Pale ninapovua watu wanafunga mshipi mrefu chini ya chubwi, wanaupitisha katikati ya kundi, wakihisi uzito wanavuta kwa nguvu. Samaki ananasa. Shavuni, ubavuni, popote. Na nyinyi wenyewe mmesema hali kitu na akishataga anakufa. Kama anakufa kwa vyovyote, dhambi iko wapi?

---

ChubwiNzito:
Nilijua utakuja.

Kwanza sheria. Katika mito mingi ya huku, samoni unayeruhusiwa kumchukua ni aliyenaswa ndani ya mdomo. Wa ubavuni unamrudisha. Ofisa wa wanyamapori anakaa kichakani na darubini, hataki maelezo yako.

Pili, hilo la "anakufa kwa vyovyote". Anakufa *baada* ya kazi. Jike la chinuki lina mayai elfu kadhaa, na limepanda mto huu kwa ajili ya hayo mayai tu. Ukimnasa ubavuni ukapambana naye dakika ishirini, ukamrudisha amechoka na ana jeraha, huenda asifike. Hukuua mmoja hapo.

Tatu, na hili si la sheria: yule aliyefungua mdomo mwenyewe na yule uliyempitishia ndoano mbavuni ni vitu viwili tofauti mkononi. Wa mbavuni anavutwa kama gunia. Anayejua anajua.

---

Kiboya77:
Sawa, lakini na ule mshipi mrefu unaopita kwenye midomo yao iliyo wazi, ndoano ikaja kunasa pembeni ya mdomo kwa nje? Huyo naye ameuma?

---

Mzee_wa_Mkondo:
Hapo umegusa donda. Wengi wanaojiita wavuvi safi wanafanya hivyo hivyo na wanapiga picha. Sokai ndiye hasa anavuliwa namna hiyo, maana baharini chakula chake kikuu ni viumbe vidogo anavyovichuja, na mtoni ni mgumu kumshawishi. Jitazame ndoano imeingilia upande gani. Ikiwa kila siku inaingia kwa nje, huumwi na samaki, unafuma.

---

Mama_Kidagaa:
Wanaume mnabishana ndoano imeingia wapi, hakuna aliyesema mtu anaingiaje majini na anatokaje.

Mwaka juzi nilivaa ile ovaroli ya mpira ya kuvulia, mkanda wa kiunoni nikauacha kwenye gari kwa sababu "ni dakika tano tu". Nikakanyaga jiwe lenye utelezi, maji yakanichukua. Maji yakaingia kwa kifuani mpaka miguuni. Nilikwenda na mkondo hatua kama arobaini. Kilichoniokoa ni kwamba nililala chali miguu ikitangulia mbele, nikaacha kupigana na maji, mpaka mkondo wenyewe ukanisogeza kwenye changarawe. Fimbo ilikwenda, simu ilikwenda. Nililia nikiwa nimekaa pale, sioni aibu kusema.

Mkanda ukibana kiunoni maji yanachelewa sana kuingia. Uvaeni. Chukueni na mkongojo. Maji yakizidi mapaja na yana kasi, samaki wa ng'ambo si wako.

Na jingine. Mkiona changarawe yenye madoa meupe, safi kuliko ya pembeni, kama mtu amefagia, msikanyage. Hicho ni kitanda. Jike amelala ubavu akakichimba kwa mkia, mayai yako chini ya mawe hayo, na yatakaa humo miezi. Naona watu wanapita juu kama wanavuka barabara, halafu wanauliza kwa nini samaki wamepungua.

---

ChubwiNzito:
Pole sana dada, na asante. Ningekuwa na uwezo ningepandisha hili juu ya uzi.

---

SinaNdoano:
Nasoma tu kimya kimya. Ila nyinyi mnataja chinuki, sokai, kama vile sote tunawajua. Tupeni sura zao.

---

ChubwiNzito:
Wako watano upande wetu. Wawili hawa ndio wanaowaletea watu faini, kwa hiyo nitakaa nao.

Chinuki, wenyewe wanamwita mfalme, ndiye mkubwa. Rekodi ya kuvuliwa kwa fimbo ni ya Mto Kenai, Alaska, 1985: ratili 97 na nusu robo, yaani kilo 44. Mfungue mdomo: ufizi mweusi. Tazama mkia: madoadoa juu na chini. Koho ni mdogo kwake, ufizi mweupe kwenye mzizi wa meno, na madoa ya mkia yako nusu ya juu tu. Kwa nini ni muhimu? Chinuki wa Puget Sound wamo kwenye orodha ya shirikisho ya viumbe walio hatarini tangu 1999. Kuna siku mto uko wazi kwa koho na umefungwa kwa chinuki. Wakiwa wamekolea rangi ya vuli, kwa mwanga wa alfajiri, wanafanana mpaka unachanganyikiwa.

Halafu kuna pezi dogo la mafuta, lile la mgongoni karibu na mkia. Wengi wa kituo cha kuzalishia wamekatwa hilo pezi wakiwa wadogo. Mahali pengi aliyekatwa unachukua, mwenye pezi unamwachia. Na unayemwachia humtoi majini kabisa, hata kwa picha. Unamfungua ndoano akiwa ndani ya maji, mikono imelowa.

Waliobaki haraka haraka: pinki ana nundu, na kwetu huja kwa wingi miaka isiyogawanyika kwa mbili. Chamu ana michirizi ya zambarau kama amepakwa kwa brashi. Sokai huyu mnamwona kwenye mapicha, mwili mwekundu kichwa kijani.

---

Mzee_wa_Mkondo:
Ratili 97 na robo, kijana. Hakuna "nusu robo".

---

ChubwiNzito:
Sahihisho limepokelewa mzee. 97 na robo.

---

DadaWaKaskazini:
Habari za huko. Mimi niko Uskoti na nacheka ninavyosoma, maana nyie mna neema. Mayai kwenye ndoano? Huku ukitaja utafukuzwa ukingoni.

Samoni wetu ni wa Atlantiki, na yeye si lazima afe. Wengi hufa baada ya kutaga, lakini wengine hushuka baharini wamekonda, na wachache hurudi tena. Jumapili kuvua samoni ni marufuku Uskoti nzima. Mto umegawanywa vipande, kila kipande kina mwenyewe, unalipia siku yako. Msimu wa Mto Tay unafungwa katikati ya Oktoba, wa Mto Tweed unakwenda mpaka mwisho wa Novemba. Na mito ambayo idadi imeshuka sana, kila samaki anarudishwa, hakuna mjadala. Mimi sijala samoni niliyemvua mwenyewe miaka kadhaa.

Halafu wanaume wote wa uzi huu wajue: rekodi ya Uingereza ya samoni kwa fimbo ni ya mwanamke. Georgina Ballantine, Mto Tay, tarehe 7 Oktoba 1922, ratili 64. Baba yake alikuwa ameshika makasia. Miaka zaidi ya 100 hakuna mwanaume aliyeifikia.

---

Mama_Kidagaa:
Hilo la mwisho nimelihifadhi. 😂

---

Kiboya77:
Tunafundishwa kurudisha mmoja mmoja huku wenyeji asilia wanatandaza nyavu mtoni. Hili nalo hamlisemi.

---

Mzee_wa_Mkondo:
Nitalisema, kaa chini.

Makabila hayo yalitia saini mikataba na serikali ya Marekani miaka ya 1854 na 1855. Walitoa ardhi, karibu yote unayoiona. Walichobakiza ni haki ya kuvua kwenye maeneo yao ya siku zote. Ikadharauliwa, wakakamatwa na kupigwa kwenye mito yao wenyewe mpaka kesi ikafika kwa Jaji George Boldt. Februari 1974 akaamua kwamba wana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Wewe na mimi tunagawana nusu nyingine. Wavu unaouona ni kodi ya nyumba tuliyopanga.

Na usisahau nani alifunga Mto Elwha, jimbo hili hili la Washington. Mabwawa mawili yalijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita bila njia ya samaki kupita, samoni wakabaki na maili tano za chini. Watu wa kabila la Lower Elwha Klallam walidai miaka mingi yaondolewe. Yakabomolewa kati ya 2011 na 2014. Koho waliporudi vya kutosha, mwaka 2023 kabila likavua tena, kidogo, kwa ajili ya chakula na ibada. Walikuwa wamesimamisha uvuvi wao wenyewe miaka kumi na zaidi. Wewe msimu mmoja tu ukifungwa unapiga kelele.

---

Kiboya77:
Sikujua hilo la Elwha. Wavu bado unaniudhi lakini sikujua.

---

MgeniWaMto:
Nikimpata je, wa kula yukoje? Niliona mmoja mweusi mweusi, ngozi inachubuka, jamaa akamtia kwenye mfuko.

---

Mama_Kidagaa:
Huyo amwachie mto. Akishageuka rangi, mafuta yameisha, nyama imepauka na inakuwa kama pamba iliyolowa. Chukua mwenye rangi ya fedha bado. Mkate matamvua palepale damu imwagike, kisha barafu. Chamu wengi humdharau, lakini akiwa mbichi anafaa sana kukaushwa kwa moshi, na mayai yake ni ya thamani. Kama ni mtu wa kula mbichi, mgandishe kwanza siku saba kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ana minyoo.

Na mbwa! Mwenye mbwa asimwachie kabisa mzoga wa samoni ukingoni. Samoni wa huku wanabeba minyoo midogo yenye vimelea vinavyomuua mbwa. Siku chache anaanza kutapika, homa, hataki kula. Dawa ipo na inafanya kazi akiwahishwa, asipotibiwa wengi hufa. Wa jirani yangu aliponea chupuchupu.

---

MgeniWaMto:
MREJESHO. Mvua ilinyesha Jumatano, Ijumaa mto ukaanza kushuka, Jumamosi saa kumi na mbili kasoro nilikuwa majini. Mkanda nimefunga, dada. Nilisimama penye mshono mmoja mpaka saa tatu bila kuhama. Boya lilikuwa linalala mbele, nikapunguza kina mara mbili mpaka likasimama. Nilikuwa nimeacha kuhesabu mirusho.

Halafu boya halikuzama kama nilivyotarajia. Lilisita tu, kama mtu aliyesahau neno. Nikainua fimbo. Koho! Akaruka mara tatu, miguu inanitetemeka. Nilipomfikisha karibu nikatazama mgongoni: pezi lipo.

Sikumtoa majini. Ndoano ilikuwa ndani ya mdomo, kona ya kulia.

---

Mzee_wa_Mkondo:
Namba ya mto ilikuwa ngapi?

---

MgeniWaMto:
Nimeiandika, mzee. Nimenunua daftari.

---

ChubwiNzito:
Ngoja kwanza. Ulisimama kwenye jiwe la namna gani?